Namba za pikseli zinapokataa kukubaliana na picha

Umefungua picha ya setilaiti ya Ghuba ya Mwanza. Magugu maji yanaonekana wazi, mkeka wa kijani umejibana ufukweni, lakini ukitoa namba za pikseli kwa amri ya terminali unapata sifuri tupu. Au umepiga picha ya dagaa walioanikwa ukitaka kupima weupe wao, na kompyuta inakujibu 51400 wakati ulitegemea namba isiyozidi 255. Mara nyingi programu haijakosea. Imechapisha ilichokikuta, ila ilichokikuta sicho ulichodhani umeipa.

Zana zinazozungumziwa hapa ni za makundi matatu: ImageMagick kwa umbizo lake la `txt:` linaloandika kila pikseli kama mstari wa maandishi, Netpbm kwa `pnmtoplainpnm` na `pamtable`, na GDAL, zana ya picha za setilaiti na ramani, kwa `gdallocationinfo` na `gdal_translate`. Pembeni yupo `od`, ambaye tayari yumo ndani ya Linux na Mac. Yeye hajui lolote kuhusu picha, anasoma baiti tu, na kwa sababu hiyohiyo ni shahidi mzuri pale wengine wanapobishana.

Kabla ya kulaumu chochote, tengeneza picha ya pikseli sita ambayo namba zake unazijua:

    printf 'P2\n3 2\n255\n0 50 100\n150 200 255\n' > jaribio.pgm
    magick jaribio.pgm -depth 8 txt:-

Itoke mistari saba: kichwa kimoja, kisha pikseli `0,0` yenye 0, `1,0` yenye 50, `2,0` yenye 100, halafu mstari wa pili wa picha wenye 150, 200 na 255. Zikitoka hivyo, zana yako ni nzima na tatizo limo kwenye picha au kwenye njia picha ilikopita. Zisipotoka hivyo, usiguse picha kwanza. Shughulika na zana. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika na kinaokoa mchana mzima.

Amri haipatikani, au inafanya jambo jingine kabisa

"magick: command not found" kwenye Ubuntu au Debian mara nyingi maana yake ni kwamba una ImageMagick toleo la 6. Huko amri ni `convert`. Toleo la 7 ndilo lililoleta `magick`, na ukitumia `convert` ndani yake unaonywa kuwa amri hiyo imepitwa na wakati. Onyo hilo halidhuru matokeo.

Kwenye Windows hali ni ya hila zaidi. Mfumo wenyewe una programu yake iitwayo `convert`, ya kubadilisha diski kutoka FAT kwenda NTFS. Ukiandika `convert picha.png txt:-` na ukajibiwa "Invalid Parameter", umegonga mlango wa jirani. Weka toleo la 7 na utumie `magick`.

`pamtable` ikikosekana ilhali Netpbm imewekwa, tazama umri wa kifurushi. Debian na Ubuntu walikaa na Netpbm 10.0 kwa miaka mingi, na Ubuntu 22.04 bado inayo, `pamtable` haimo. Debian 12 ina tawi la 11, nayo imo. Kwenye mashine ya zamani tumia `pnmtoplainpnm`, lakini soma kwanza sehemu ya mistari hapo chini.

Kwenye Mac, ukikata kipande kwa mabano ya mraba, kwa mfano `magick picha.tif[50x50+200+300] txt:-`, unaweza kupata "zsh: no matches found". Hapo tatizo si picha. Ganda la zsh linadhani mabano ni alama za kutafuta majina ya faili. Funga jina lote kwa alama za nukuu: `'picha.tif[50x50+200+300]'`. Jizoeze kufanya hivyo hata kwenye Linux.

Terminali imejaa alama za ajabu

Umefanya `cat` juu ya PGM, yaani picha ya kijivu ya Netpbm, ya aina ya P5. Herufi mbili za mwanzo za faili ndizo zinazoamua: P1, P2 na P3 ni maandishi, P4, P5 na P6 ni baiti tupu, kwa mpangilio uleule wa nyeusi-nyeupe, kijivu na rangi. Ikiwa terminali nayo imeanza kuandika kwa hati isiyosomeka, andika `reset` bila kuona unachoandika, bonyeza Enter, itatulia. Kisha:

    pngtopnm picha.png | pnmtoplainpnm | head

Angalizo kwa wanaotumia picha za nyeusi na nyeupe tu: ndani ya PBM, 1 ni nyeusi na 0 ni nyeupe. Ndani ya PGM, 0 ndiyo nyeusi. Mtu anayehamisha skripti kutoka moja kwenda nyingine hupata picha iliyogeuzwa, akaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Mistari ya maandishi haiendani na urefu wa picha

Hii inawashika wengi. Picha ina mistari 40, `wc -l` inasema 600. Umbizo la maandishi la Netpbm linataka kila mstari wa faili usizidi herufi 70, kwa hiyo mstari mmoja wa picha hukatwa vipandevipande. Mwisho wa mstari ndani ya P2 au P3 hauna maana yoyote. Ni nafasi tu kama nafasi nyingine. Anayehesabu safu kwa kufuata mistari ya faili anapima kwa rula iliyokatika.

Dawa ni `pamtable`, inayotoa mstari mmoja wa maandishi kwa kila mstari wa picha na kutenganisha pikseli za rangi kwa alama ya `|`. Usipokuwa nayo, vunja kila kitu kiwe namba moja kwa mstari, ruka namba za kichwa, kisha panga upya kwa upana unaoujua. Kwa `jaribio.pgm`, yenye upana wa 3:

    pnmtoplainpnm jaribio.pgm | tr -s ' \n' '\n' | tail -n +5 | paste - - -

Mistari minne inayorukwa ni P2, upana, urefu na thamani ya juu.

Kwa `od` kuna mtego unaofanana. Inapokuta mistari inayorudiwa, huandika nyota moja `*` na kunyamaza. Kwenye maji ya wazi, ambako pikseli mia mbili zaweza kufanana, nusu ya ziwa linamezwa na nyota. Weka `-v` siku zote:

    magick picha.png -depth 8 rgb:- | od -An -v -tu1 -w3

Hiyo inatoa namba tatu kwa kila mstari, pikseli moja kila mstari, bila mabano wala majina ya rangi. Kwa kazi ya skripti ni bora kuliko `txt:`. Chaguo la `-w3` lipo kwenye `od` ya GNU.

Namba zinazidi 255

Angalia kichwa cha `txt:`. Kinaanza kwa "# ImageMagick pixel enumeration:" kisha upana, urefu, thamani ya juu kabisa na mfumo wa rangi. Matoleo mapya ya 7 huchomeka namba moja ya ziada katikati. Ukiona 65535 hapo, namba zote ziko kwenye kipimo cha biti 16. Gawanya kwa 257: 51400 ni 200, 12850 ni 50. Au ongeza `-depth 8` kabla ya `txt:-`.

Lakini usikimbilie `-depth 8` kabla ya kujua chanzo. Picha ya simu ni ya biti 8 tangu ilipozaliwa, kuirudisha huko hakuna hasara. Picha ya setilaiti ni ya biti 16 kweli, na ukiibana iwe 8 unafuta tofauti kati ya maji safi na maji yenye tope, kwa kuwa zote mbili ziko chini kabisa ya kipimo. Maji yenye thamani 1200 na yenye thamani 1300 kwenye biti 16 yote huwa 5 kwenye biti 8.

Idadi ya namba ndani ya mabano inabadilika

Picha ya kijivu kwenye toleo la 6 hutoa `(50,50,50)`. Toleo la 7 hutoa `(50)`. Picha yenye uwazi huongeza namba ya nne. Skripti iliyoandikwa kwa namba tatu inavunjika, au mbaya zaidi haivunjiki bali inasoma msimbo wa `#323232` kana kwamba ni thamani. Ondoa uwazi kwa `-alpha off`, na kwa kijivu tumia njia ya `rgb:-` hapo juu, ambayo hutoa baiti tatu iwe iwavyo.

Kuna pia picha zenye jedwali la rangi, kama GIF na baadhi ya PNG, ambamo pikseli haibebi rangi bali namba ya nafasi ndani ya jedwali. ImageMagick hukuonyesha rangi. `gdallocationinfo` hukuonyesha nafasi. Ukilinganisha matokeo ya zana hizo mbili na kukuta 7 upande mmoja na `(34,139,34)` upande mwingine, zote zimesema kweli. Ukitaka GDAL itoe rangi, pitisha kwanza `gdal_translate -expand rgb`.

Thamani ni sahihi, mahali sipo

Koordineti za pikseli huanza 0,0 kona ya juu kushoto, x kwanza kisha y, na y huongezeka kwenda chini. Programu nyingi za kuchora huanza hivyohivyo, za hesabu huanza chini kushoto, na lahajedwali huanza 1. Kosa la pikseli moja hutoka huko.

Picha ya simu ina lake. Ukiipiga ikiwa imesimama wima, simu mara nyingi huhifadhi pikseli zikiwa zimelala na kuandika pembeni agizo la kuzizungusha. Kitazamio kinatii agizo, `txt:` haitii. Unaona trei ya dagaa juu kulia, namba zinatoka kwenye mchanga. Weka `-auto-orient` mara tu baada ya jina la faili.

Ukikata kipande kwa `-crop`, malizia na `+repage`. Hapo hesabu inaanza 0,0 ndani ya kipande, na wewe unajumlisha mwenyewe umbali uliokata. Bila hiyo, picha inaendelea kubeba kumbukumbu ya mahali ilipotoka, na hatua zinazofuata hupotoka.

Namba zinayumba, au sehemu ya chini ni 128 tupu

Karatasi nyeupe iliyopigwa picha haitoi 255 kila mahali. Inatoa 247, 251, 249. Sehemu ni mwanga, sehemu ni JPEG, inayobana picha kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kufifisha rangi kuliko mwangaza. Ukiona thamani zinaruka kila baada ya pikseli nane, huna haja ya kuuliza zaidi. Na picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, imepunguzwa ukubwa na kubanwa upya: pikseli unazosoma si zile kamera ilizoona. Itume kama hati.

Trei ileile ya dagaa ikitoa namba tofauti asubuhi na mchana, usiulaumu ubanaji. Kamera ya simu inajipimia mwanga na kusawazisha weupe yenyewe. Weka karatasi nyeupe ileile pembeni ya trei kwenye kila picha, soma thamani yake, na ulinganishe dagaa nayo. Bila karatasi hiyo, 180 ya leo na 180 ya jana ni vitu viwili.

Ikiwa kuanzia mstari fulani hadi chini kila pikseli ni kijivu cha karibu 128, faili limekatika. Bando liliisha, au umeme ulikatika faili likiwa linashuka. Kisoma JPEG hakikatai faili la namna hiyo. Hulalamika "Premature end of JPEG file" na kujaza kijivu. Ujumbe huo huenda kwenye mkondo wa makosa, kwa hiyo aliyezoea kuandika `2>/dev/null` haoni kitu. Linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa mahali ulipolipakua, na kwa faili kubwa tumia `wget -c` ili upakuaji uendelee pale ulipoishia.

Picha za setilaiti

Hapa ndipo kwenye makosa mengi na ya gharama, maana namba hutoka, zinafanana na kweli, na zinaingia kwenye ripoti.

Anza na ImageMagick kukupigia kelele "Unknown field with tag 33550 (0x830e)". Ni lebo ya GeoTIFF inayotaja ukubwa wa pikseli ardhini. Haina madhara, ila inakuambia kwamba zana uliyoshika haisomi jiografia ya picha. Kwa faili za JP2 za setilaiti ya Sentinel-2 inaweza kukataa kabisa: "no decode delegate". Hamia GDAL. Hapa chini B08 ni bendi ya infraredi ya Sentinel-2, na B04 ni bendi nyekundu.

    gdallocationinfo -wgs84 B08.jp2 32.9 -2.52

Longitudo kwanza, latitudo baadaye. Tumezoea kusema latitudo kwanza, na ramani ya simu huonyesha hivyo, kwa hiyo watu huandika `-2.52 32.9` na kujibiwa "Location is off this file!" Mahali hapo pako mashariki mwa Moroko. Geuza.

Ikiwa umegeuza na bado uko nje ya faili, na unatumia `-geoloc` kwa mita, angalia kanda. Mwanza iko kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Sentinel-2 huiandika kwa mtindo wa kusini, wenye namba ya utambulisho EPSG:32736, ambamo katikati ya jiji iko karibu na mashariki 488,900 na kaskazini 9,721,500. Landsat, setilaiti nyingine, hutumia mtindo wa kaskazini hata kwa picha zilizo chini ya ikweta, EPSG:32636, na sehemu ileile inakuwa karibu na −278,500. Tofauti ni mita 10,000,000 kamili. Ukiona kaskazini hasi usidhani faili limeharibika. Huo ndio mtindo wa Landsat. Ukitaka kuepuka yote haya tumia `-wgs84` na uiachie GDAL ibadilishe.

Kuna jambo la ukubwa wa pikseli pia. Bendi za mita 10 za Sentinel-2 zina pikseli 10,980 kwa 10,980. Za mita 20, pamoja na tabaka la SCL linalogawa picha kwa aina za uso, zina 5,490 kwa 5,490. Pikseli 5000,4000 ya B08 ni 2500,2000 ndani ya SCL. Ukitumia namba zilezile kwenye zote mbili, unasoma sehemu mbili zilizoachana makumi ya kilomita.

Kisha thamani zenyewe. Namba iliyomo kwenye faili si mwakisiko bado, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa na uso. Kwa Sentinel-2 L2A iliyochakatwa kwa msingi (toleo la uchakataji) wa 04.00, ulioanza tarehe 25 Januari 2022, au wa baadaye, unatoa 1000 kisha unagawa kwa 10,000. Kwa zile za kabla ya hapo unagawa tu. Maji yenye mwakisiko wa 0.02 ni 200 kwenye faili la zamani na 1200 kwenye jipya. Kwa Landsat Collection 2 Level 2 unazidisha kwa 0.0000275 na kutoa 0.2, kwa hiyo maji hayohayo ni 8000. Namba tatu, ziwa moja. Ukichora mfululizo wa miaka bila kurekebisha, mwaka 2022 ziwa lote linaonekana limeng'aa ghafla.

Sifuri katika hizi zote ni "hakuna data", wala si maji meusi. Ukipata sifuri kila mahali, umeangukia ukingo wa picha.

Waliosahau ile 1000 hudhani itajifuta kwenye NDVI, kipimo cha mimea kinacholinganisha infraredi na nyekundu, kwa kuwa ni uwiano. Juu inajifuta, chini haijifuti. Chukua mfano wa magugu yenye nyekundu 1400 na infraredi 5000. Hesabu sahihi ni 3600 kwa 4400, yaani 0.82. Bila kutoa 1000 ni 3600 kwa 6400, yaani 0.56. Mtu aliyeweka kizingiti cha 0.6 anaandika kwamba magugu hayapo, na mkeka upo palepale.

    gdal_calc.py -A B04.jp2 -B B08.jp2 --type=Float32 --outfile=ndvi.tif \
      --calc="(B.astype(float)-A)/(B.astype(float)+A-2000)"

Ile `astype(float)` si pambo. Faili linahifadhi namba kamili zisizo na hasi. Juu ya maji infraredi huwa ndogo kuliko nyekundu; 1200 kutoa 1300 ndani ya aina hiyo hakutoi −100 bali kunazunguka na kutoa 65436. Ukiona namba za elfu sitini na kitu juu ya maji, umeshajua.

NDVI ikishapatikana usiirudishe kwa ImageMagick ya toleo la 6 iliyo kwenye Ubuntu. Inakata hasi zote kuwa 0, na maji yote, yawe meupe au ya tope, yanakuwa kitu kimoja. Hizo ndizo sifuri tupu zilizotajwa mwanzoni.

Mtego wa mwisho wa setilaiti uko kwenye kupima upya. Ndani ya SCL, 4 ni mimea, 5 ni ardhi tupu, 6 ni maji. Ukiikuza iwe ya mita 10 kwa `gdalwarp -r bilinear`, programu inatafuta wastani wa majirani, na wastani wa 4 na 6 ni 5. Kila mahali mimea inapokutana na maji panazaliwa uzi wa ardhi tupu ambao haupo, na kuzunguka mkeka wa magugu panatokea pete ya udongo katikati ya ziwa. Namba za makundi zipimwe kwa `-r near`. Wastani ni wa vipimo, si wa majina.

Kuthibitisha kwamba uko mahali sahihi, pima kisiwa cha Saanane: chukua pikseli moja katikati ya kisiwa na nyingine majini upande wa magharibi, kwenye B08. Ya kisiwani iwe kubwa mara kadhaa. Zikikaribiana, hauko Saanane.

Mwinuko: namba moja ziwa zima, au 28164

Faili la SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada, la eneo hili ni S03E032.hgt, jina hutaja kona ya kusini-magharibi. Lina mistari 3,601 ya pikseli 3,601, baiti mbili kila moja, kwa hiyo ukubwa wake ni baiti 25,934,402 kamili. Pungufu ya hapo, limekatika.

Uso wa ziwa ukionyesha namba ileile ya mita elfu moja mia moja thelathini na kitu kwa kilomita nyingi, hakuna hitilafu. Watayarishaji walisawazisha maji makubwa makusudi, maana rada haisomi vizuri juu ya maji. Thamani −32768 ni tundu lisilo na kipimo.

Thamani za ajabu kama 28164 zinatokana na mpangilio wa baiti. SRTM huandika baiti kubwa kwanza, kompyuta nyingi husoma ndogo kwanza. 1134 ni 046E. Ukiigeuza inakuwa 6E04, ambayo ni 28164. Kusoma sehemu ya 32.9, −2.52, ambayo ni safu wima ya 3240 kwenye mstari wa 1872 kutoka kaskazini:

    od -An -td2 --endian=big -j 13488624 -N 2 S03E032.hgt

Namba ya kuruka ni (1872 × 3601 + 3240) × 2. PGM ya biti 16 nayo huweka baiti kubwa kwanza, kwa hiyo dalili na dawa ni zilezile. Kwa mkondo wa biti 16 kutoka ImageMagick, taja mwenyewe `-endian LSB` au `MSB` usiache bahati iamue.

Mashine inaganda, diski inajaa

Picha moja ya Sentinel-2 ya mita 10 ina pikseli 120,560,400. Kila mstari wa `txt:` una herufi kama 40, kwa hiyo faili la maandishi linakaribia GB 5. Hakuna kihariri cha kawaida kitakachofungua hilo, na lahajedwali zinaishia mistari 1,048,576. ImageMagick nayo inaweza kukukatisha na "cache resources exhausted". Ni mipaka iliyowekwa kwenye policy.xml, na unaiona kwa `identify -list resource`. Kuna wanaokimbilia kuifuta. Tatizo si mpaka, ni kuomba ziwa zima wakati unahitaji ghuba moja:

    gdal_translate -of XYZ -srcwin 5000 4000 50 50 B08.jp2 kipande.txt

Hiyo inatoa mistari 2,500. Koordineti zinazotoka ni za katikati ya pikseli, kwa hiyo zitatofautiana na kona ya `gdalinfo` kwa mita 5. Umbizo hili linaandika bendi moja tu. Kwa faili lenye bendi nyingi taja unayoitaka kwa `-b`, la sivyo utasoma ya kwanza kila mara ukidhani ni infraredi.